Limepita kwa Makofi

Kwetu, mtu mkubwa akisimama kusema, unapiga makofi. Hakuna anayekuuliza umesikia nini. Unapiga akisimama, unapiga akikohoa, unapiga akinywa maji, na upepo ukimpeperushia karatasi yake unapiga pia, ili asijisikie vibaya. Shuleni tulifundishwa hilo kabla ya kuzidisha. Mimi nilimaliza darasa la saba hesabu za sehemu zikiwa bado zinanisumbua, lakini makofi niliyafaulu. Kila alipokuja mgeni, mwalimu mkuu aliniweka mstari wa mbele, kwa sababu nina viganja vyenye sauti na nilijua siri ya kazi ile: usiwe wewe wa kwanza kuacha.

Kwa hiyo nilipovuka mpaka kuja kukaa kwa mama mdogo, nilikuja na begi, namba ya simu iliyoandikwa mkononi, na elimu hiyo.

Mama mdogo anamfuata mama yangu kuzaliwa. Aliolewa huku, mume akafariki, akabaki na banda la saluni. Mabanda ya pale yamepangwa kufuata ukuta wa ghala la zamani: la kwanza la fundi viatu, la pili letu, halafu fundi saa, mshona mapazia, muuza vocha, mpaka unafika kwenye mfereji. Letu ni la mbao na mabati, lina viti viwili vya plastiki, kioo kirefu, beseni la kuoshea nywele, na waya wa umeme ambao mama mdogo amesema tusiuzungumzie. Banda hilo ndilo linalotulisha na ndilo linalolipia chumba tunacholala. Siku ile niliyofika aliniambia kabla sijavua viatu, tena kwa upole: likiwepo, upo, likiondoka, mwanangu, unarudi kwa mama yako, maana mimi sitakuwa na pa kukuweka.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza huku ni kwamba watu wanaisema serikali wakiwa wamekaa. Mteja anasukwa, kichwa kimeinamishwa, nywele ziko mkononi mwangu, na bado anasema diwani ni mwongo, tena anataja na baba yake. Wiki ile ya mwanzo nilikuwa naenda kufunga dirisha.

"Unafunga la nini na joto hili?" mama mdogo akaniuliza.

"Wanamsema diwani."

"Enhe?"

"Si watu watasikia."

Mteja akacheka mpaka nikapoteza mstari. Mama mdogo akasema, "Fungua dirisha. Diwani mwenyewe anapita hapo kila asubuhi, anasimama kabisa asikie vizuri."

Diwani huyo wanamwita Nisikilizeni, kwa sababu ndivyo anavyoanza, na ndivyo anavyoendelea, na ndivyo anavyomaliza. Ni mtu mzuri, sina ubaya naye. Ametuahidi zahanati, taa za barabarani, na kiwanja cha mpira, na ahadi zote bado anazo, hajapoteza hata moja.

Sasa, mkutano wa mtaa uliitishwa siku ambayo mama mdogo alikuwa na bibi harusi kwenye kiti. Hakuweza kutoka. Akaniambia, "Nenda ukakae pale, usikie wanasema nini, uje uniambie. Usiseme kitu."

"Sisemi."

Na kweli sikusema kitu. Mungu ni shahidi.

Mkutano ulikuwa nyuma ya ofisi ya kata, chini ya turubai. Nisikilizeni alisema kwa muda mrefu kuhusu maendeleo. Mimi nilikaa nikiwa tayari. Lazima niseme ukweli kuhusu kazi hii: mpiga makofi mzuri hasikilizi maneno, anasikiliza mapumziko. Maneno yatakuchanganya. Basi Nisikilizeni akafika mahali akashusha karatasi, akatazama watu, akanyamaza. Na watu wote wakanyamaza.

Kwetu ukimya wa namna ile ni jambo baya. Mtu mkubwa amemaliza, hakuna anayeitika. Nilimwonea huruma yeye, nikawaonea huruma na watu wa mtaa, nikaona hawa wataumbuka, au wataitwa mmoja mmoja. Nikawaokoa. Nikapiga.

Mama mmoja pembeni yangu alinigeukia, akaona ninavyojiamini, naye akapiga. Waliokuwa nyuma wanachezea simu wakadhani mkutano umekwisha, wakapiga kwa furaha. Turubai zima likalia. Mimi, kama nilivyofundishwa, sikuwa wa kwanza kuacha. Katibu wa diwani, kijana mwembamba mwenye miwani, aliinua kichwa, akasikiliza kama mtu anayesikiliza kama sufuria imechemka, kisha akasema kwenye kipaza sauti, "Limepita."

Nikamwuliza yule mama, "Limepita nini?"

"Maegesho ya magari. Wanavunja mabanda pale ukutani wajenge." Akanitazama vizuri. "Hebu kwanza. Wewe si yule wa saluni?"

"Ndiyo."

"Na umepiga vile?"

Kumbe huku makofi ni kura. Hakuna anayenyoosha mkono, hakuna anayehesabiwa. Jambo linasomwa, watu wakilipigia makofi limepita, wakinyamaza au wakiguna limekufa. Ule ukimya niliowaokoa nao ulikuwa ndio kazi yao. Walikuja kunyamaza. Walikuwa wamepanga tangu jana yake, fundi viatu alikuwa amepita banda kwa banda kuwaambia, na kwetu alimwambia mama mdogo, na mama mdogo hakuona sababu ya kunieleza, maana nani angedhani mtoto wa dada yake atakuja kutoka nchi nyingine kumvunjia banda kwa viganja?

Niliporudi, fundi viatu alikuwa ameshafika saluni. Ana miguu mirefu, na habari mbaya anazipeleka mwenyewe.

"Mgeni wetu huyo," akasema. "Ametuuza bila hata kuuliza bei."

Mama mdogo hakunitazama. Aliendelea kumpaka bibi harusi mafuta. "Nani alianza?"

"Mimi, mama mdogo."

"Nilikwambiaje?"

"Nisiseme kitu."

"Na ukafanya nini?"

"Sikusema."

Bibi harusi akaguna. Fundi viatu akasema, "Mimi kwa kweli makofi kama yale sijawahi kuyasikia. Ningekuwa mimi ndiye diwani ningelia."

Ndipo nikaelezwa siasa zote za huku, kwa mara ya kwanza, baada ya kuziharibu. Jambo likishapita kwa makofi ya mtaa, mkubwa kutoka manispaa anakuja kuyasikia kwa masikio yake. Likisomwa mbele yake na watu wakapiga, tingatinga linakuja wiki hiyo hiyo. Lakini kampeni za uchaguzi zikishaanza, hakuna jambo linaloruhusiwa kusomwa. Kila kitu kinalala mpaka watu wamalize kupiga kura. Kampeni zilikuwa zinaanza Jumatatu. Mkubwa anakuja Jumapili.

"Basi Jumapili tunyamaze," nikasema.

"Umejifunza haraka," fundi viatu akasema. "Sisi tutanyamaza. Diwani atakuja na wa kwake. Analeta lori zima, wamevaa fulana, wamekula. Wale hawajui hata jina la mtaa."

Mama mdogo alinifundisha kusuka vizuri, lakini siku zile hakunifundisha kitu. Aliongea na mimi kupitia wateja. "Mwambie anipe chanuo." Mteja ananiambia nitoe chanuo, na mimi nimesimama hapo hapo. Usiku nilimsikia anaongea na mama yangu kwenye simu, akiuliza nauli ya kurudi ni shilingi ngapi siku hizi.

Alhamisi katibu mwenye miwani akaja saluni. Alisimama mlangoni, akainama kidogo kwa ajili ya bati, akauliza, "Yuko wapi yule dada wa makofi?"

Mama mdogo akanionyesha kwa kidole, kama mtu anayeonyesha bomba linalovuja.

"Mheshimiwa amefurahi sana," katibu akasema. "Anasema tangu aingie kwenye siasa hajawahi kupigiwa vile. Tuna vijana wetu wanakuja Jumapili, lakini wanapiga hovyo. Mmoja anaanza, mwingine anamaliza. Anaomba uwaongoze."

"Mimi si wa hapa," nikasema. "Hata kitambulisho cha huku sina."

"Kwenye makofi hatuulizi kitambulisho."

Nikaona hapo wamekosea sana, lakini sikuwa mtu wa kuwaambia. Nikasema, "Nitakuja."

Katibu alipoondoka mama mdogo aliongea na mimi moja kwa moja, mara ya kwanza tangu siku ya mkutano. "Yaani unakula kwangu, unalala kwangu, halafu unaenda kumshangilia anayenivunjia."

"Nisipoenda, watapiga tu."

"Ndiyo, lakini si wewe."

Nilikuwa na wazo, lakini lilikuwa bado halijakaa sawa, na mimi kitu ambacho hakijakaa sawa huwa sikitoi mdomoni. Kwetu ndivyo tulivyo.

Jumamosi tulifanya mazoezi kwenye uwanja wa nyumba ya diwani. Vijana wale walikuwa watu wa kawaida kabisa: wapo walioacha vibarua vyao kwa ajili ya fulana, wapo waliofuata chakula. Niliwapanga. Nikawaambia, msisikilize maneno, nitazameni mimi. Mikono yangu ikikutana na yenu inakutana, yangu ikiachana na yenu inaachana. Katibu alisoma hotuba ya majaribio kutoka kwenye ngazi. Alisema, "Ndugu wananchi," nikapiga, vijana wakapiga, katibu akanyamaza akangoja. Alisema, "Leo ni siku," nikapiga tena, naye akangoja tena, akatabasamu, akarekebisha miwani.

Hapo ndipo wazo lilipokaa.

Mtu akipigiwa makofi hawezi kusema. Anataka kusema, lakini anataka makofi zaidi. Kwetu nilikuwa nimeliona hilo miaka yote na sikuwahi kulifikiria, kwa sababu kwetu wakubwa hawana haraka, hawana pengine pa kwenda. Nikamwuliza katibu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, huyo mkubwa wa manispaa atakaa muda gani.

"Hakai," akasema. "Ana mitaa mingine mitatu siku hiyo. Mheshimiwa atasalimia, atasoma azimio, mnapiga, mama wa manispaa anaondoka."

"Azimio linasomwa mwisho?"

"Mwisho. Ndiyo heshima yake."

Nilimwambia mama mdogo usiku ule, nikimsaidia kukunja taulo. Nilimwambia kwa ufupi.

"Na wakikugundua?"

"Watanifanya nini? Nimewapigia makofi."

"Wanaweza kuuliza unakaa huku kwa ruhusa ya nani."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Tukamaliza taulo zote. Mwisho akasema, "Kesho ule vizuri asubuhi. Mikono isije ikachoka," akaenda kulala.

Jumapili turubai lilikuwa jipya. Mabanda yote yalikuwa yamefungwa, wenyewe wamekaa upande wa kushoto na nyuso za msibani, fundi viatu mbele. Mimi nilikaa upande wa kulia na fulana yenye sura ya Nisikilizeni kifuani. Fundi viatu aliniangalia, akatema mate pembeni ya kiatu. Mama mdogo hakuwa amemwambia kitu. Yule akiambiwa siri, anaipokea akiwa njiani kuipeleka.

Mkubwa wa manispaa alifika, mama mnene mwenye miwani ya kamba, akakaa, akaweka mkoba magotini na hakuufungua. Niliupenda mkoba ule. Ulikuwa mkoba wa mtu anayeondoka.

Nisikilizeni akasimama. "Nisikilizeni," akasema.

Nikapiga. Vijana wakapiga. Lilikuwa kofi zuri sana, moja, la watu wote kwa pamoja, na Nisikilizeni alishtuka kidogo kisha akafunguka uso kama ua. Nilimngoja atulie.

"Ndugu zangu," akasema.

Tukapiga.

"Asanteni. Asanteni sana. Leo tumetembelewa na mama yetu kutoka manispaa."

Kwa mama yetu tulipiga kwa kusimama. Mama ikabidi asimame naye, apunge mkono, akae. Tulipokaa, Nisikilizeni akamshukuru, tukasimama tena kwa ajili ya shukrani. Sitaki kujisifu, lakini hakuna mahali palipokuwa na kosa. Kila alipovuta pumzi alitukuta tumeshafika.

"Nisikilizeni, naomba niendelee."

Kwa hilo tulipiga sana. Mtu anayeomba kuendelea anastahili kutiwa moyo.

Upande wa kushoto walianza kutazamana. Fundi viatu aliacha kukunja uso, akainama mbele kama mtu anayetazama mpira. Nadhani alikuwa wa kwanza kuelewa, maana ghafla naye akapiga. Mwenzake fundi saa akamvuta shati: "Wewe vipi, si tumekubaliana tunyamaze?" Fundi viatu akamjibu kitu sikioni, na hiyo ndiyo siri fupi kuliko zote alizowahi kutunza, kwa sababu muda si mrefu upande wote wa kushoto ulikuwa unapiga, mshona mapazia anapiga, muuza vocha anapiga na kupiga mluzi. Nisikilizeni aliwaona wapinzani wake wanamshangilia na macho yakamlowa. Akaiweka chini karatasi. Akaanza kusema kutoka moyoni.

Alisimulia utoto wake. Alivyokwenda shule bila viatu. Tulimpigia kwa kila mguu.

Katibu alielewa wa pili. Alishuka jukwaani, akapita pembeni ya turubai, akachuchumaa karibu yangu. "Dada," akaniambia sikioni, "punguza."

"Nipunguze nini?"

"Makofi. Mama ana haraka."

"Kaka, unataka nimnyamazie mheshimiwa mbele ya mgeni?"

Alinitazama kupitia miwani ile. Nilimtazama pia, kwa heshima zote. Nilijua anajua. Na alijua kwamba hawezi kuchukua kipaza sauti akatangaza, mbele ya manispaa, kwamba watu waache kumpenda diwani. Akarudi jukwaani, akamwandikia Nisikilizeni kikaratasi. Nisikilizeni akakisoma, akasema, "Katibu wangu hapa ananikumbusha," nasi tukampigia katibu, na Nisikilizeni, mtu wa haki, akamwita mbele ainame apokee heshima yake. Akainama. Sijawahi kuona mtu anainama kwa uchungu vile.

Dereva wa manispaa alipiga honi. Tukapiga makofi. Mama mwenye mkoba akatazama saa, akasimama, akaomba kipaza sauti.

"Nimefurahi," akasema, na hapo nilishusha mikono magotini nikaifunga, vijana wote wakashusha, pakawa kimya kabisa ili kila neno lake lisikike. "Nimezunguka mitaa mingi, sijaona watu wanampenda diwani wao hivi. Endeleeni na umoja huu. Mimi nakimbia, nimechelewa."

Katibu alimfuata hadi kwenye gari, tukamsikia wote. "Mheshimiwa, azimio. Bado azimio."

"Azimio gani?"

"La maegesho. Ni dakika moja tu."

"Kijana, mmenikalisha hapa muda wote huu kwa makofi, sasa ndiyo unakumbuka azimio? Kesho kampeni. Leteni baada ya uchaguzi." Mlango ukafungwa.

Nisikilizeni hakukasirika. Alikuwa bado amesimama jukwaani, amelowa jasho, anashikana mikono na watu. Fundi viatu alimshika mkono kwa mikono miwili. Nadhani mpaka leo ile ndiyo siku njema kuliko zote maishani mwake, na mimi nafurahi kuwa nilichangia.

Wiki ile ile akaja kwenye mabanda kuomba kura. Alisimama mbele ya saluni yetu, akamwambia mama mdogo mbele ya wateja, "Mnaona bado mpo? Mimi ndiye niliyezuia. Nilikuwa na lile azimio mkononi, nikasema hapana, siwezi kuwavunjia watu hawa. Sikulisoma."

"Tuliona, mheshimiwa," mama mdogo akasema. "Ulijizuia kweli kweli."

"Mnikumbuke basi."

"Tutakukumbuka sana."

Katibu alikuwa nyuma yake. Ila alipokuwa anaondoka alirudi hatua chache, akaingiza kichwa dirishani akaniambia taratibu, "Mimi ndiyo nashughulikia vibali vya wageni pale kata. Ulijua?"

"Sikujua."

"Cha kwako kikiisha muda, uje kwangu, usiende kwa mwingine." Nikamngoja aseme la vitisho. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Na kama mheshimiwa akianguka, nitakuwa natafuta kazi. Ukimjua mgombea anayehitaji katibu, uniambie." Akaondoka. Hizo ndizo siasa za huku, bado nazizoea.

Alipotoka tu, watu wa mabanda wakajaa mlangoni kwetu. Kila mtu aliliona: uchaguzi ukipita na Nisikilizeni akarudi, tingatinga liko nyuma yake. Tuna muda wa kampeni peke yake. Inabidi tuweke mtu wetu.

"Mimi nipo tayari," fundi viatu akasema, kabla hajaulizwa.

"Wewe?" mshona mapazia akasema. "Viatu vya mume wangu uko navyo tangu mvua za mwanzo."

"Hivyo vinahitaji gundi maalumu."

"Na mtaa utauwekea gundi gani?"

Fundi saa akasema agombee yeye, kwa kuwa ana subira. Muuza vocha akasema subira ile ni ya kutofungua banda mapema. Walirushiana maneno mpaka mteja wangu akaomba nimmalizie nje, na nilikuwa namsogezea kiti niliposikia mama mdogo anasema, bila kupaza sauti, akiwa ameshika beseni la maji machafu:

"Nitagombea mimi."

Akamwaga maji nje, akarudi, akajifuta mikono, akanigeukia.

"Na wewe utanipigia makofi."

Wote wakanitazama. Nilifikiri kidogo, nywele za mteja zikiwa kiganjani.

"Itategemea utasema nini, mama mdogo."

Fundi viatu ndiye aliyecheka kwanza. Mama mdogo hakucheka. Aliweka beseni chini, akanitazama kuanzia miguuni mpaka juu, kama vile nimeshuka kwenye basi sasa hivi.

"Mnamsikia huyu?" akawaambia. "Juzi juzi tu hapa alikuwa ananifungia dirisha."